Maandishi Yenye Ukungu Kwenye Televisheni Inayotumika Kama Skrini ya Kompyuta: Namna ya Kuyarekebisha

Herufi r ikifuatwa na n ndiyo kipimo changu cha kwanza. Katika duka moja la steshenari, ambako kompyuta ya mezani ilikuwa imeunganishwa na televisheni ya inchi 32 iliyotundikwa ukutani, barua ya mteja aitwaye Bernadeta ilichapwa, ikasomwa mara mbili kwenye kioo na mchapaji pamoja na mwenye barua, ikatolewa kwenye printa, na hapo ndipo ilipoonekana kuwa jina limeandikwa Bemadeta. Kwenye kioo majina hayo mawili hayakuwa na tofauti, kwa sababu mwanya mwembamba unaotenganisha r na n ulikuwa umemezwa na weusi wa herufi zenyewe.

Televisheni ile haikuwa mbovu. Jioni ilionyesha mpira, na hakuna aliyelalamika. Televisheni imeundwa kupokea picha iliyosafiri kutoka mbali kupitia antena, king'amuzi au intaneti, na kwa hiyo ina mazoea ya kuifanyia kazi picha hiyo kabla ya kuionyesha: huivuta kidogo ili kingo zifichike, huikoleza, huondoa chembechembe, hubuni picha za kati ili mwendo uwe laini, na mara nyingi huridhika na rangi zilizopunguzwa. Uso wa mtu au majani ya mti hayadhuriki sana na kazi hiyo. Herufi, ambayo mstari wake wa wima huenda una unene wa nukta moja tu (yaani pikseli, kidoa kidogo kabisa kinachounda picha kwenye kioo), huharibika papo hapo. Picha ya kompyuta hufika ikiwa imekamilika, na inachohitaji ni kuachwa kama ilivyo, yaani kila nukta iliyotumwa na kompyuta iangukie juu ya nukta yake moja kwenye kioo. Marekebisho yote yanayofuata yana shabaha hiyo moja, na ndiyo sababu nayapanga kwa utaratibu huu badala ya kuanza, kama wengi wetu tunavyoanza, kwa kwenda kununua kebo mpya.

Tengeneza kipimo kwanza

Macho huzoea haraka, na mtu akishabadilisha mipangilio mitatu minne hawezi tena kusema kwa uhakika kama pana nafuu. Kwa hiyo fungua programu ya Paint, tengeneza picha ya nukta 200 kwa 200, ikuze mpaka nukta moja moja zionekane, kisha chora mistari ya wima yenye unene wa nukta moja, mmoja mweusi na unaofuata mweupe. Ukishajaza kipande kidogo, kinakili na kukibandika mpaka nusu ya picha ijae. Katika nusu iliyobaki, andika neno lolote kwa rangi nyekundu juu ya buluu, kwa herufi ndogo zisizokolezwa. Ihifadhi picha kwa mfumo wa PNG, kwa kuwa JPEG huibana picha kwa kupoteza sehemu ya taarifa zake na yenyewe huleta ukungu. Wakati wa kupima, weka ukuzaji wa Windows ("Scale" katika "Display settings") kwenye asilimia 100 na uitazame picha kwa ukubwa wake halisi.

Ikiwa kila nukta imeangukia mahali pake, ukisogea karibu utaona mistari myembamba iliyo sawa yote, na ukirudi nyuma utaona kijivu kimoja kisicho na mabaka. Ikiwa picha inavutwa au kubanwa mahali fulani njiani, yatatokea mawimbi mapana ya weusi na weupe, kama yale yanayoonekana chandarua kikikunjwa mara mbili na kutazamwa kwenye mwanga. Lile neno jekundu litatusaidia baadaye, tutakapofika kwenye rangi.

Idadi ya nukta za kioo

Kila televisheni bapa ina idadi ya nukta ambayo haibadiliki, na ambayo wataalamu huiita resolusheni asilia. Nyingi utakazokutana nazo ni za aina tatu: zenye nukta 1366 kwa 768, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile za inchi 32 na chini ya hapo; zenye nukta 1920 kwa 1080, zinazouzwa kwa jina la Full HD; na zenye nukta 3840 kwa 2160, zinazojulikana kama 4K. Namba ya modeli iliyo nyuma ya televisheni ndiyo ya kutafutia ukweli huo katika kijitabu chake au katika tovuti ya mtengenezaji. Maandishi ya kwenye boksi yasikushawishi, kwa maana televisheni inaweza kutangazwa kuwa inapokea picha ya 1080 ilhali kioo chake kina nukta 768 tu. Kupokea ni jambo moja, kuonyesha ni jambo jingine.

Ukishaijua namba hiyo, bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo ya Windows, fungua "Display settings", na uchague resolusheni inayolingana na kioo. Kisha ingia sehemu ya mipangilio ya kina iliyo chini ya ukurasa huohuo, ambako utaona resolusheni ya skrini ya kazi na, kando yake, resolusheni ya mawimbi yanayotumwa kwa kweli kwenye televisheni. Namba hizo mbili zikitofautiana, kadi ya picha, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha, inaikuza au kuipunguza picha kabla haijatoka ndani ya kompyuta, na hakuna rimoti itakayoliponya hilo. Angalia pia kama resolusheni inaishia na herufi i, kama katika 1080i. Maana yake ni kwamba mistari inatumwa nusu kwa nusu, na herufi zitatetemeka. Chagua yenye p.

Kwa televisheni za 1366 kwa 768 pana mtego, na ndio uliolinasa lile duka la steshenari. Nyingi kati ya hizo, zikiunganishwa kwa HDMI, kebo ya kisasa ya picha na sauti, huitambulisha kompyuta kwa resolusheni za utangazaji tu, yaani 1280 kwa 720 na 1920 kwa 1080, bila kuitaja kabisa ile ya kioo chenyewe. Windows, kwa nia njema, huchagua 1920 kwa 1080 na kuandika pembeni kuwa ndiyo inayopendekezwa. Matokeo yake ni kwamba nukta 1920 zinaingizwa katika nafasi 1366, karibu kama kiti cha daladala ambacho watatu wanakalia nafasi ya wawili, na mwanya kati ya r na n ndio wa kwanza kukosa mahali pa kukaa. Ukichagua 1280 kwa 720 hali inageuka: nukta chache zinatandazwa kwenye nafasi nyingi, na herufi zinanenepa na kulegea kingo.

Dawa yake inashangaza wengi. Televisheni hizo mara nyingi zina tundu la VGA, lile la kebo yenye kichwa cha buluu na pini 15, ambalo hukubali 1360 kwa 768 au hata 1366 kwa 768 kamili. Namba 1360 inapatikana kwa sababu kadi nyingi za picha hutaka upana unaogawanyika kwa 8, na 1366 haigawanyiki. Nukta sita zinazobaki huachwa kama ufito mwembamba mweusi pembeni ambao hauna madhara. Kebo ya zamani, inayodharauliwa, ikawa bora kuliko ya kisasa. Baada ya kuiunganisha, fungua menyu ya televisheni na uagize irekebishe picha yenyewe kwa chaguo la "Auto adjust", huku ile picha ya mistari ya wima ikiwa wazi kwenye kioo kwa ukubwa wake halisi, kwa kuwa televisheni huitumia mistari ya namna hiyo kukadiria mahali nukta zinapoanza. Yakibaki mabaka ya wima, rekebisha "Clock" mpaka yaishe. Herufi zikibaki zinatetemeka au kuwa na kivuli, rekebisha "Phase" hatua kwa hatua mpaka zitulie. Ikiwa kompyuta haina VGA, jaribu kuunda resolusheni ya 1366 kwa 768 au 1360 kwa 768 katika programu ya kadi ya picha ya Intel, NVIDIA au AMD na kuituma kwa HDMI. Baadhi ya televisheni huikubali ingawa haziitangazi, na nyingine hukataa kwa kuonyesha giza, nawe ukisubiri sekunde chache bila kuthibitisha, mpangilio wa awali unarudi.

Wenye televisheni ya 4K wana kishawishi cha aina nyingine. Maandishi yanapoonekana madogo mno, wengi huishusha resolusheni hadi 1920 kwa 1080, wakidhani kuwa kwa sababu namba hiyo ni nusu kamili, kila nukta itageuka nukta nne bila hasara. Kwa hesabu ingewezekana, lakini televisheni nyingi hazirudii nukta namna hiyo. Hulainisha, na ukungu unarudi. Acha resolusheni iwe 3840 kwa 2160 na ukuze maandishi kwa asilimia 150 au 200 ndani ya Windows, ambako herufi huchorwa upya kwa ukubwa mpya badala ya kuvutwa.

Kingo zilizokatwa

Tazama ufito wa chini wa Windows. Ikiwa nusu yake imezama nje ya kioo, au ikiwa alama ya kufungia dirisha kule juu kulia haionekani yote, televisheni inaivuta picha kupita ukubwa wake. Ni desturi iliyorithiwa kutoka enzi za televisheni za kichogo, ambazo mirija yake haikuwa na vipimo vinavyolingana kabisa, hivyo watengenezaji walificha kingo za picha nyuma ya fremu ili mtazamaji asione ukingo uliopinda au mstari wa weusi. Vioo vya leo havina tatizo hilo, lakini desturi imebaki. Televisheni inayokata asilimia 5 huchukua nukta 1824 kwa 1026 za katikati na kuzitandaza kwenye 1920 kwa 1080, na kwa hiyo hakuna herufi hata moja kwenye kioo kizima inayobaki kwenye nukta zake.

Rekebisho lake liko kwenye rimoti, katika menyu ya picha, sehemu ya umbo au ukubwa wa picha. LG huliita "Just Scan", Samsung huliita "Screen Fit" au "Fit to Screen" kwa kutegemea umri wa televisheni, Sony wana "Full Pixel" chini ya "Display Area", na Sharp pamoja na wengine kadhaa husema "Dot by Dot", jina ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosema ukweli zaidi kuliko yote. Chaguo hilo huenda lisionekane wakati unatazama king'amuzi. Linajitokeza ukiwa kwenye tundu la HDMI ambalo kompyuta imechomekwa na ikiwa imewashwa.

Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni kulitibu tatizo hili upande wa kompyuta. Programu za kadi za picha zina kitelezi cha kuipunguza picha ili kingo zirudi ndani, na mtu akikitumia, ufito wa chini unaonekana wote na anaridhika. Lakini sasa kompyuta inaibana picha na televisheni inaivuta tena. Picha imeguswa mara mbili na maandishi yamekuwa mabaya kuliko mwanzo. Kitelezi hicho kirudishwe kwenye sifuri kwanza, kisha televisheni ndiyo irekebishwe. Hali ya kinyume nayo ipo: picha ikizungukwa na fremu nyeusi pande zote nne, huenda kadi ya AMD ndiyo iliyoibana, na tiba ni kitelezi hichohicho. Anayetumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya zamani mwenye fremu ya namna hiyo ataandika disable_overscan=1 katika faili la config.txt na kuiwasha upya.

Rangi zilizopunguzwa

Sasa lirudie lile neno jekundu juu ya buluu. Ikiwa mistari myeusi na myeupe imenyooka vizuri lakini neno hilo lina kingo zilizopakaa, kama wino uliodondokewa na maji, ukubwa wa picha hauna tena kosa na tatizo liko kwenye rangi. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga kwa undani kuliko tofauti za rangi, na wataalamu wa video wameitumia hali hiyo kwa miaka mingi kupunguza mzigo wa taarifa. Katika mpango unaoandikwa 4:2:0, kila nukta hubaki na mwanga wake, lakini nukta nne zinagawana rangi moja; katika 4:2:2 nukta mbili mbili zinagawana rangi moja; katika 4:4:4 kila nukta ina rangi yake. Filamu karibu zote huja kwa 4:2:0 na hakuna anayelalamika. Mhasibu anayeandika hasara kwa rangi nyekundu kwenye jedwali ndiye anayeumia.

Upunguzaji huo unaweza kufanyika pande mbili. Upande wa televisheni, nyingi hupokea rangi kamili lakini huzipunguza zenyewe ili mitambo yao ya kupamba picha ifanye kazi, isipokuwa zikiambiwa kuwa kilichochomekwa ni kompyuta. Namna ya kuiambia ni kubadilisha jina au alama ya tundu: kwenye Samsung fungua orodha ya vyanzo na uhariri tundu husika liwe "PC", na kwenye LG ingia kwenye orodha ya matundu, chagua kuhariri, na uliwekee alama ya kompyuta. Usiridhike na kuandika jina la kubuni kama "Kompyuta ya ofisini", kwa sababu televisheni haisomi maana ya jina. Inachotambua ni lile chaguo lililomo ndani ya orodha yake. Kwenye Sony, chagua hali ya picha ya "Graphics" au "Game". Katika televisheni nyingi hatua hii moja huzima pia ukataji wa kingo na mapambo mengi, na mtu mwenye haraka anaweza kuanza nayo.

Upande wa kompyuta, mipangilio ya kina ya skrini katika Windows huonyesha mfumo wa rangi unaotumwa. Ukiona RGB au YCbCr444, hakuna kilichopunguzwa. Ukiona YCbCr420, fungua programu ya kadi ya picha na uchague RGB. Chaguo hilo likikosekana, kinachozuia ni uwezo wa njia. Picha ya 4K inayobadilishwa mara 60 kwa sekunde ikiwa na rangi kamili huhitaji karibu gigabiti 18 kwa sekunde, ambazo ndizo kikomo cha HDMI 2.0 ya mwaka 2013, ilhali HDMI 1.4 ya mwaka 2009 ina 10.2 tu, na inapoombwa mara 60 hulazimika kuzigawanya rangi ili mzigo uwe nusu. Laptop nyingi za miaka ya 2010 ziko katika kundi hilo. Mwenye laptop ya namna hiyo ana njia mbili: kushusha kasi hadi 30 Hz, yaani mara 30 kwa sekunde, ambapo maandishi yatakuwa safi lakini mshale wa kipanya utaonekana ukirukaruka, au kutumia tundu la DisplayPort au la USB-C linalotoa picha, pamoja na adapta iliyoandikwa waziwazi kuwa inatoa 4K kwa 60 Hz. Kwa kazi ya kuchapa barua, mimi ningevumilia 30 Hz kwa wiki moja kabla ya kutoa fedha.

Televisheni yenyewe nayo huenda imefungiwa. Matundu mengi ya HDMI hutoka kiwandani yakiwa katika hali ya chini ili yasivisumbue vifaa vya zamani, na rangi kamili za 4K kwa 60 Hz hazipatikani mpaka uwashe "HDMI Ultra HD Deep Colour" kwenye LG, "HDMI UHD Color" au "Input Signal Plus" kwenye Samsung, au "Enhanced format" kwenye Sony. Zaidi ya hayo, si kila tundu lina uwezo sawa. Soma maandishi madogo yaliyo kando ya matundu.

Ikiwa weusi umekuwa kijivu na kila kitu kinaonekana kimepauka, hilo ni jambo jingine: upande mmoja unatumia viwango vya mwanga kuanzia 0 hadi 255 na mwingine kuanzia 16 hadi 235. Weka pande zote mbili zitumie viwango vilevile, nao weusi utarudi.

Mapambo ya kuzima

Ukali wa picha, unaoitwa "Sharpness" katika menyu, jina lake linadanganya. Hauongezi undani wowote; huchora ukingo mweupe kuzunguka kila kitu cheusi, na herufi huonekana kama zimeandikwa kwa chaki iliyofutwafutwa. Kwenye Samsung mahali pasipoongeza chochote huwa sifuri, kwenye Sony huwa 50, na kwa nyingine njia ya uhakika ni kushusha mpaka ule ukingo mweupe upotee bila herufi kuanza kulainika. Zima pia upunguzaji wa chembechembe, ulainishaji wa mwendo, mwanga unaojibadilisha wenyewe na kila chaguo linalojisifu kwa maneno ya uchangamfu. Kuzima ulainishaji wa mwendo kuna faida ya ziada: mshale wa kipanya utaacha kuchelewa nyuma ya mkono.

Kuhusu kebo

Niliwahi kuuziwa kebo ya HDMI yenye ncha za dhahabu kwa ahadi kwamba maandishi yangenyooka, na hayakunyooka hata kidogo. Kebo ya HDMI hubeba namba, na namba ama hufika ama hazifiki. Kebo mbovu au dhaifu huonyesha nukta zinazomeremeta, picha inayokatika au giza tupu. Haileti ukungu uliotulia. Kinachostahili kuangaliwa ni kama kebo ina alama ya kasi inayofaa kwa 4K, na isiwe ndefu kupita mahitaji. VGA ni tofauti, kwa sababu hubeba mawimbi, na kila mita inayoongezeka inapunguza usafi wake. Zile kebo za njano, nyekundu na nyeupe hazifai kwa maandishi kwa namna yoyote, na kurusha picha bila waya nako kunaibana picha kwa kiasi ambacho hakuna mpangilio utakaokirudisha.

Herufi zenyewe

Picha ikishafika salama, ndipo upande wa Windows una haki ya kuguswa. Andika ClearType, jina la mbinu ya Windows ya kulainisha herufi, katika sehemu ya kutafutia, fungua kirekebishaji chake, na uchague katika kila ukurasa kipande kinachosomeka vizuri zaidi machoni pako, ukiwa umekaa pale unapokaa siku zote. Mbinu ya ClearType huitumia kila nukta kama vipande vitatu, chekundu, kijani na buluu, vilivyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Televisheni kadhaa huvipanga kinyume, buluu kwanza, na hapo herufi hupata kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande mwingine. Ukitaka kujua za kwako, fungua ukurasa mweupe, sogeza kamera ya simu mpaka karibu kabisa na kioo, ukuze, na usome mpangilio wa vipande. Televisheni za OLED za LG zina kipande cha nne, cheupe, na kwa hizo mara nyingi herufi hutulia zaidi ClearType ikizimwa.

Ikiwa ni programu moja tu yenye ukungu na nyingine zote ni safi, televisheni haina kosa. Programu hiyo ni ya zamani na haijui kujikuza. Bofya alama yake kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, sehemu ya "Compatibility", na ubadilishe mpangilio wa DPI, yaani wa namna programu inavyokuzwa. Na ukibadilisha ukuzaji wa Windows, toka kwenye akaunti na uingie tena kabla ya kuhukumu.

Umbali wa kukaa

Hata baada ya yote hayo, inchi 32 yenye nukta 1366 kwa upana ina nukta zenye upana wa zaidi ya nusu milimita, na jicho zima hutenganisha vitu vilivyo mbali kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu ya sitini ya nyuzi. Kwa hesabu hiyo nukta hizo zinaonekana moja moja mpaka ufike karibu mita 1.8. Inchi 32 ya 1920 kwa 1080 inahitaji karibu mita 1.3, na inchi 43 ya 4K inatosheka na sentimita 85, ambao ni umbali wa kawaida wa meza. Anayekaa sentimita 60 mbele ya televisheni ya 768 ataona ngazi kwenye kila herufi iliyolala. Hizo si ukungu, na hakuna pa kuzizimia. Asogeze meza nyuma na kukuza maandishi.

Mipangilio karibu yote ya televisheni niliyoitaja hukaa kwa kila tundu peke yake, kwa hiyo kebo ikihamishiwa tundu la pili ili king'amuzi kipate nafasi, unaanza upya. Katika lile duka la steshenari tuliandika mipangilio kwenye kipande cha karatasi na kukibandika nyuma ya televisheni, pamoja na agizo moja la ziada kwa ajili ya siku umeme unapokatika na kurudi: televisheni iwashwe kwanza, kompyuta baadaye, kwa sababu kompyuta inayoamka bila kuiona televisheni huweza kuchagua 1024 kwa 768 na kung'ang'ania hapo mpaka izimwe tena.